MREJESHO: Lile koti lililokuwa linahama usiku

Wakuu, nawaletea mrejesho. Kwa ambao hawakuniona mara ya kwanza: nauza kwenye duka la nguo, na niliuliza kwa nini koti moja la kiume kila asubuhi nalikuta sehemu za ajabu. Leo katikati ya magauni ya watoto, kesho nyuma ya mablanketi. Wengine mlisema ni jini (mlinzi wetu naye akaliamini hilo, akakataa zamu ya usiku).

Aliyeshauri tuangalie kamera, Mungu akubariki. Anayelihamisha ni mzee mmoja mpole, huingia dakika chache kabla hatujafunga. Analificha koti ili lisinunuliwe mpaka msimu uishe na bei ishuke! Nilipomfuata na shikamoo yangu akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha kwa sauti ya chini, "usiwaambie wenzako."

Kumbe hayuko peke yake. Kuna mama naye analitaka kwa ajili ya mumewe, kwa hiyo mzee akilificha huku, mama analichimbua na kulificha kule. Hawajuani hata kidogo.

Bosi alicheka mpaka akakaa chini, akasema waacheni.

Punguzo likaja. Mzee alikuwa mlangoni kabla hatujafungua, akalivaa kwa mara ya kwanza, mikono ikaishia kwenye viwiko. Muda wote huo hakuwahi kulijaribu! Mama ndiye aliyeondoka nalo.

Mzee sasa ameanza kuulizia suruali moja ya kijivu. Nimemwambia aijaribu kwanza.