Naombeni ushauri: kiwanja chetu cha gofu ya visahani kinatushinda, tuendelee au tuache? (Nakuru)

Jirani_wa_Uwanja

Hamjambo wadau. Niko Nakuru. Mtaa siutaji kwa sababu baadhi ya nitakaowasema tunakutana dukani kila asubuhi tukinunua maziwa.

Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja wa umma. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa mtaa na mwalimu mmoja wa kujitolea waliweka humo kiwanja cha gofu ya visahani, mashimo tisa. Kwa asiyeujua mchezo: ni gofu, ila hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki hadi kwenye kikapu cha chuma kilicho juu ya mlingoti; njia yote kutoka pa kurushia hadi kikapuni ndiyo tunaiita shimo. Juu ya kikapu inaning'inia minyororo, kisahani kikiigonga kinaishiwa nguvu na kudondoka ndani. Aliyefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Hulipi kuingia, na mtoto wa darasa la nne anaweza kumshinda babu yake.

Mwalimu alirudi kwao, vijana wakatawanyika kutafuta kazi, uwanja ukabaki yatima. Tulipoanza kuufufua mwaka jana, kichaka cha lantana kilikuwa kimemeza mashimo matatu na la sita lilikuwa jaa la taka. Maji yanayoteremka kutoka upande wa Menengai yalikuwa yamechimba korongo katikati ya shimo la nne, ukiingia na baiskeli huonekani. Udongo wa huku mnaujua: kiangazi ni vumbi, masika unaondoka na maji.

Tulianza watu kumi na wanane. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, panga na fyekeo, mpaka saa nne, halafu chai. Tulichanga mia mbili mbili kila mwezi, tukanunua minyororo ya vikapu vitano. Haikumaliza wiki mbili, ikaibwa yote. Sasa tumebaki wanne, na mmoja wao ni mke wangu, ambaye nadhani anakuja tu kuhakikisha sijatumbukia kwenye korongo. Ofisi moja niliyoiomba lori la taka iliniambia nilete barua. Nikaleta. Nilipofuatilia, barua haikuonekana.

Je, tununue minyororo tena? Na kazi hii tunaifanya kihalali kweli? Kuna jirani ameanza kunong'ona kwamba tunataka kuunyakua uwanja.

Msema_Wazi

Pole kaka, lakini huo mchezo nani anaujua hapa? Wekeni magoli mawili, mtaona uwanja unavyojaa.

Jirani_wa_Uwanja

Magoli yapo, upande wa barabara, na hatugombani na watu wa mpira. Sisi tuko kule kwenye miti na mteremko, ambako mpira hauchezeki hata ukitaka. Tukiondoka pale, anayeingia ni mwenye taka na mwenye mabati.

Fundi_Geti

Nachomelea mageti, wacha niseme ukweli. Mnyororo unaoning'inia uwanjani usiku ni pesa iliyotundikwa mtini. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa? Mwezi wa tano marufuku ikaondolewa. Kama mlingoti wa stima hauogopwi, kikapu chako ni nani?

Fanya hivi. Tafuta mtu anayeshona akala. Akukatie mikanda ya tyubu ya lori, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Ifunge kuzunguka tairi kuukuu la pikipiki, tairi ulitundike juu ya mlingoti wa mkaratusi, chini yake uweke nusu ya pipa la plastiki. Toboa pipa chini, lisije likafuga mbu. Mikanda iwe mizunguko miwili, wa ndani na wa nje, la sivyo kisahani kitapita katikati kama popo. Hakuna wa skrepu atakayekununulia hiyo.

Jirani_wa_Uwanja

Mzee, hiyo ni akili. Nitakosa tu ule mlio wa mnyororo. Asiyewahi kuusikia hawezi kunielewa.

Karatasi_Kwanza

Kuhusu uhalali. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la bustani za umma na viwanja vya burudani. Kwa hiyo kufyeka nyasi hakuna atakayekushtaki, lakini kuchimba, kujenga au kukata mti bila ruhusa ya maandishi usithubutu. Huyo anayenong'ona ndiye atakayekuwa shahidi wa kwanza.

Jisajilini kama kikundi cha kijamii. Sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, kwa hiyo wanne hamtoshi, warudisheni wale wengine hata kwa jina. Mkishasajiliwa andikeni barua, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri na tarehe mbele yako. Barua yenye muhuri haipotei ovyo. Korongo nalo msilibebe nyinyi, hilo ni suala la mifereji, lipelekeni kaunti. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mikutano ya wananchi huja kabla ya hapo. Nendeni mkaseme, na mwakilishi wadi awaone kwa sura. Kwa sasa jazeni magunia udongo, myapange ngazi ngazi ndani ya korongo, na kingoni mpande mkonge.

Mama_Maziwa

Mimi nina ng'ombe watatu na nyasi zenu naziona kila siku nikipita. Mnafyeka halafu mnachoma! Nipeni siku, ng'ombe wakate bure. Ila lantana iondoeni kabisa, ng'oeni na mizizi. Ng'ombe akiila anaugua, ngozi inababuka juani.

Dada_wa_Lanet

Nimesoma yote na nina swali moja. Mara ya mwisho mlicheza lini?

Jirani_wa_Uwanja

Umenishika pabaya. Desemba.

Dada_wa_Lanet

Ndiyo hivyo. Umewaita watu wacheze, ukawapa fyekeo miezi yote hii. Hata mimi ningekimbia. Acheni mashimo sita yalale. Tengenezeni matatu yaliyo karibu na nyumba, mcheze kila Jumapili jioni mkionekana. Kile kiwanja cha kwanza cha kudumu cha mchezo huu, Oak Grove kule California, 1975, Ed Headrick aliyekibuni alianza na milingoti mitupu, vikapu vya minyororo vikafuata baadaye. Kwa hiyo msiaibikie tairi la pikipiki.

Pia angalieni njia ya miguu. Binti yangu aligongwa shavuni na kisahani kwenye uwanja kama huo. Si kile cha kuchezea ufukweni, hiki ni kidogo, kizito, na ukingo wake ni mkali. Kama kuna shimo linalovuka njia ya watoto wa shule, geuzeni upande wa kurushia kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Msema_Wazi

Haya, nimenyamaza. Jumapili ni saa ngapi?

Jirani_wa_Uwanja

Narudi na habari, wiki tatu baadaye. Shimo la pili ndilo lililokuwa linavuka njia, tumeligeuza. Matatu yanachezeka, mikanda ya tyubu inashika vizuri ikiwa hujarusha kwa hasira. Jumapili iliyopita walikuja watoto kumi na wanne, visahani tunavyo saba, kwa hiyo ilikuwa foleni na kelele. Wazee watatu wa lile kundi la kwanza walisimama pembeni wakijifanya wanapita, mwisho wakarusha. Majina ya kusajili tunayo kumi na moja. Jirani wa kunong'ona tumemwomba awe mweka hazina, bado anafikiria. Jaa la shimo la sita liko vilevile na barua ya pili ina muhuri.

Mama_Maziwa

Jumamosi nakuja na ng'ombe saa mbili. Upande wa shimo la tisa msiufyeke kabla sijafika.