Naomba ushauri: sanduku la huduma ya kwanza kwa njiwa

Habari za jioni ndugu zangu wafugaji. Nina njiwa 14 hapa Tanga. Juzi alfajiri paka alimkamata jike mmoja. Nilimwokoa, lakini unyoya mchanga wa bawa ulikuwa umekatika na damu inadondoka tone kwa tone sakafuni. Nilibana kwa pamba yenye konfleva ya jikoni, dakika kama 10 hivi, ikakata. Nikamlaza ndani ya boksi la viatu, penye giza na joto. Leo anadonoa mtama kidogo, ila bado amejikunyata, manyoya yamemsimama, na roho yangu haijatulia.

Sitaki kukutwa tena mikono mitupu. Nimeshakusanya bandeji, mkasi, kibano, bomba la sindano la kunyweshea (bila sindano yake), konfleva na iodini. Mafuta ya kupaka nimeyaacha makusudi, yanagandisha manyoya.

Naomba kujua: iodini niizimue kwa maji kiasi gani kabla ya kumsafishia kidonda? Na huyu mgonjwa ana alama mbili za meno chini ya bawa, ndogo kama tundu la pini. Nimkimbize kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi, au zitapona zenyewe?