Gari inanguruma na kugonga asubuhi za baridi, ikipata moto inatulia. Nishushe injini?

Mbayuwayu: Wakuu, naombeni ushauri. Gari yangu ni ya petroli, silinda nne. Kukiwa na joto haina neno. Tangu baridi ianze, nikiiwasha asubuhi inanguruma utadhani ekzosi imetoboka, bomba linadondosha maji, na chini ya boneti kuna kitu kinagonga tik-tik-tik. Ikipata moto yote yanaisha. Fundi anasema injini imechoka, ishushwe. Nimekosa raha kabisa, maana gari hii ndiyo inayonilisha.

Fundi Kimya: Usishushe kitu mkuu. Mngurumo huo ni wa kawaida. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta inaongeza mafuta na kupandisha mizunguko, mara nyingi hadi 1,200 au 1,500 kwa dakika badala ya 700 au 800. Gari nyingi pia huchelewesha cheche makusudi ili moshi utoke na moto mkali upashe masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), kwa sababu masega hayafanyi kazi sawasawa mpaka yakaribie nyuzi 300. Maji nayo yasikutishe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, ila bomba likiwa na moto yanatoka kama mvuke tu huyaoni.

Sikio Kali: Niongezee hapo kwa fundi. Sauti husafiri polepole kwenye hewa baridi: mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0, kama 349 kwenye nyuzi 30, na ndani ya moshi wa moto inakwenda kasi zaidi ya hapo. Kwa hiyo bomba lilelile likiwa baridi linatoa mlio mzito zaidi.

Mama Gereji: Mimi wasiwasi wangu ni huo mlio wa tik-tik. Kama unaisha ndani ya sekunde chache, ni tapeti (vipande vinavyosukuma valvu za injini) zinasubiri oili ipande. Pima kiwango cha oili, halafu hakikisha ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Namba inayotangulia herufi W kwenye kopo la oili ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, oili inakuwa nzito asubuhi. Kama unachukua dakika kadhaa, shuku gasketi ya manifodi ya ekzosi, yaani kizibo kati ya injini na bomba linalokusanya moshi. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana mlio unapotea. Tazama kwenye maungio kama kuna masizi meusi. Na usiipashe moto ndani ya banda lililofungwa, moshi ule unaua.

Mbayuwayu: Dada, Mungu akubariki. Oili iko sawa. Masizi yapo, yamechora mstari mweusi pembeni ya silinda ya nne!

Mama Gereji: Basi umeshampata mwizi wako, kaka. Badilisha gasketi, na umwambie fundi apime uso wa manifodi kwa rula ya chuma, kwani ikiwa imepinda gasketi mpya nayo itaungua. Boliti zipuliziwe dawa ya kutu mapema, zile hukatika kirahisi. Kwa sasa usiikanyagie mafuta ikiwa baridi, endesha taratibu mpaka ipate moto. Ukishafunga, ijaribu alfajiri. Mchana haitakwambia kitu.