Naomba ushauri: lebo za achari zinabanduka, na maneno ya tarehe yananichanganya

Mwenye Achari: Ndugu wanajukwaa, natengeneza achari ya maembe hapa Tanga na kuiuza katika chupa za kioo za gramu 400. Lebo zangu ni za karatasi, na mteja akiiweka chupa kwenye friji, baada ya siku chache pembe zinainuka na wino unachuja. Naomba kujua lebo ipi inafaa, na pia tofauti ya "itumike kabla ya" na "ni bora kabla ya", kwani mchapaji anataka jibu kufikia Ijumaa.

Fundi Stika: Karatasi na mafuta ya achari havipatani. Agiza lebo ya plastiki, ile ya polipropilini, yenye gundi ya kudumu, na uibandike chupa ikiwa imepoa na kukauka, kwa sababu gundi haishiki penye unyevu. Tarehe usiichape kwa mashine isiyotumia wino, maana karatasi yake ni kama ya risiti za EFD, ambayo ukiiacha juani garini huwezi tena kuisoma.

Bibi Nyuki: Umenikumbusha asali yangu. Nilikuwa naipima pamoja na chupa, mpaka mteja mmoja, mwalimu, alipoimimina kwenye mizani mbele yangu na kuniuliza kama naye anakula kioo. Uzito halisi ni wa kilichomo tu, mwanangu, bila chupa wala kifuniko.

Msoma Lebo: Nirudi kwenye swali. "Itumike kabla ya" huhusu usalama: siku ikipita, chakula hakiliwi hata kama kinanukia vizuri. "Ni bora kabla ya" huhusu ubora, yaani ladha na rangi vinaweza kupungua ilhali chakula bado kinalika. Ila sijaelewa kwa nini tarehe na gundi vimekuja pamoja. Una chupa ambazo tayari zina lebo?

Mwenye Achari: Zipo 140 za msimu uliopita, na mwisho wa matumizi ulioandikwa ulikuwa mwezi jana. Nimeionja juzi, haina kasoro. Nilifikiri lebo mpya, pana kidogo, ifunike ile ya zamani, ikiwa na "ni bora kabla ya" na miezi sita mbele. Malipo ya awali nimeshatoa. Sioni udanganyifu hapo, kwa kuwa achari ni ileile na kilichobadilika ni neno tu.

Ustadhi wa Mtaa: Anayekula achari yako hana chochote cha kumwongoza isipokuwa neno hilo. Ukilibadilisha ili uuze, umemdhulumu.

Kijana wa Zamani: Lebo zikibaki, naomba moja ya kuniongezea miezi sita, mke wangu ameanza kuikagua tarehe yangu.

Jicho Kavu: Nashuku kisa hiki kimetungwa. Mchapaji gani atahangaika na lebo 140? Jina la mtoa mada ni la juzi, na fundi wa stika akatokea mara moja. Subirini namba ya simu.

Fundi Stika: Nimo humu kwa miaka, na sijataja namba yangu hata mara moja.

Mwenye Achari: Sijatunga. Oda ni lebo 1,000, hizo nyingine ni za msimu ujao. Chupa zipo uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe, na namba ya toleo ipo juu ya kifuniko, naweza kuipiga picha.

Msoma Lebo: Basi kifuniko kitasema msimu uliopita na lebo itasema vingine, na mkaguzi husoma vyote viwili.

Mwenye Achari: Vifuniko vinauzwa.

Fundi Stika: Tuyaache hayo. Lebo mpya ikikaa juu ya karatasi iliyolainika, itabanduka pamoja nayo, hata gundi iwe kali namna gani.

Mwenye Achari: Kwa hiyo ile ya zamani hutolewaje?

Fundi Stika: Kwa kuloweka katika maji ya moto yenye sabuni, ndugu yangu, chupa ikiwa tupu.