MJADALA: Viwanda vya Kigamboni vijenge nyumba za wafanyakazi au kila mtu ajitafutie?

Wakuu salaam. Kuna mdau kaandika kwamba kazi ya kiwanda ni kulipa mshahara tu, mfanyakazi analala wapi hilo ni la kwake mwenyewe, na naona wengi wamemuunga mkono. Mi nampinga. Ila na wale wanaotaka turudi kwenye kota za kampuni kama zamani siendi nao mpaka mwisho.

Hali yenyewe ya Kigamboni, hapa Dar es Salaam, mnaijua. Kimbiji kuna kiwanda cha saruji, Kisarawe II ni eneo la viwanda, Vijibweni matangi ya mafuta. Sasa anayebeba mifuko na anayesimamia mashine wanalala wapi? Mbagala, Chamazi, wengine Gongo la Mboto huko. Wa Mbagala anazunguka Kongowe aje Kibada ndo atafute gari ya kumfikisha, wa Posta anasubiri kivuko Magogoni, na hapo bado hujaongelea shifti ya usiku. Nimewahi kufanya kazi kiwanda kimoja upande huu, watu wakitoka shifti saa sita usiku walikuwa wanalala juu ya maboksi stoo mpaka kukuche kwa sababu daladala hakuna na boda ya usiku inakula hela ya siku nzima, afu mtu huyohuyo mchana anatakiwa arudi akae kwenye mashine inayokata vidole. Usiniambie hilo halimhusu mwajiri.

Wenzetu walishafanya. Mithapur, pwani ya Gujarat kule India, Tata Chemicals wako pale tangu 1939 wanatengeneza chumvi na magadi kwa maji ya bahari, eneo kame, na mji umekua kuzunguka kiwanda, kuna nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali. Hata jirani zetu Kenya, mji wa Magadi umeishi hivyohivyo kwa kutegemea kampuni ya magadi. Kwahiyo inawezekana.

Lakini hapa ndo nataka tubishane vizuri. Mwajiri akiwa pia mwenye nyumba wako, siku akikufukuza kazi umefukuzwa na nyumbani, watoto katikati ya muhula wanahama shule. Nani atasimama na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, kudai nyongeza wakati kitanda anacholalia mkewe ni cha bosi? Na viwanda navyo hufa jamani. TIPER ilianza kusafisha mafuta hapahapa Kigamboni 1966, ilipofika 1999 kusafisha kukaisha, kukabaki kuhifadhi. Fikiria mtu aliyeingia kazini kijana kabisa, hajawahi kununua hata kiwanja kwa sababu nyumba ya kampuni ipo, anaambiwa kazi imeisha na ana miaka hamsini na kitu.

Ndo maana nasema kiwanda kichangie, ila kisimiliki. Anayepewa eneo la kujenga kiwanda apewe na sharti la kuchangia nyumba kwa kiwango kinachoendana na idadi ya watu atakaowaajiri, nyumba zisimamiwe na chombo kingine, mfanyakazi akae kama mpangaji mnunuzi, anakatwa kidogokidogo, na akiacha kazi au akiachishwa anaendelea kulipa mwenyewe, nyumba inabaki yake. Watumishi wa umma wamejengewa nyumba Gezaulole, hukuhuku Kigamboni, na kampuni ya Watumishi Housing, kwanini wa kiwandani aonekane hastahili?

Kuna atakayeniletea habari ya Dege, ule mradi wa nyumba hapa Kigamboni. Najua, ni wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nyumba zaidi ya elfu saba zilipangwa, maghorofa yamesimama miaka bila watu na inauma kwa sababu ile ni michango ya wafanyakazi. Ila zile zilikuwa nyumba za kuuza sokoni, hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya mtu wa shifti anaweza kulipa shilingi ngapi kwa mwezi. Ninachosema mimi kianze na hiyo hesabu.

Na maji, zahanati, barabara visiishie getini. Wenyeji wa Kimbiji walikuwepo na mitumbwi yao kabla ya kiwanda, haiwezekani wakae na vumbi huku bomba linapita mbele yao kwenda kwa wageni.

Mnaopinga nawauliza hivi: gharama ya mfanyakazi kufika kazini na kurudi usiku ailipe nani, na kama mnasema yeye mwenyewe, kwa mshahara upi? Na mliokaa kota za kiwanda, ziwe za saruji Wazo au za kiwanda cha nguo Urafiki, tuambieni ajira ilipoisha nyumba mlipewa muda gani kuondoka.