Chasisi ya kulehemu kwa Datsun 240Z ya 1/24, traki ya mbao

mzee_wa_mfereji:
Wakuu habari za humu. Nina bodi ya plastiki ya Datsun 240Z skeli 1/24, nyekundu yenye boneti nyeusi kama ile ya dereva Edgar Herrmann iliyoshinda mbio za Safari Rally 1971, halafu 1973 Shekhar Mehta naye akashinda na 240Z. Ni seti ya kuunganisha (kit) ya kupanga kabatini ila mi nataka ikimbie kwenye slot, yaani vigari vya umeme vinavyofuata mfereji kwenye traki. Huku Uingereza klabu yetu ina traki ya mbao yenye tepu ya shaba ya kupitisha umeme kando ya mifereji, kwa hiyo sumaku haisaidii chochote, gari linashikwa na uzito wake na matairi basi. Chasisi za dukani zipo lakini hii nataka niilehemu mwenyewe. Vipimo nianzie wapi na mota niilazeje? Naona bodi imekaa juu sana itapinduka kila kona.

Fundi Shaba:
Mkuu anzia kwenye gari lenyewe. 240Z halisi toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2305, gawa kwa 24 unapata 96. Ila kabla hujakata kitu pima na matao ya bodi yako, tairi likikaa pembeni ya tao hata kidogo jicho linaona tu. Kile kiulimi kinachoingia kwenye mfereji kipeleke mbele mpaka karibu na bampa, kikiwa mbali na ekseli ya nyuma mkia unaweza kuteleza ukarudi bila gari kuchomoka.

Mota ilaze kwa urefu katikati, pinioni (gia ndogo ya mota) meno 9, krauni (gia kubwa ya ekseli ya nyuma) meno 27. Wengine watakwambia uilaze kwa pembe, ni kweli nguvu inafika vizuri lakini kupatanisha meno ni kazi nyingine, kwa chasisi ya kwanza achana nayo.

mamaRali:
Naongezea hapo kwenye kulehemu maana ndo chasisi nyingi zinapoharibikia. Usilehemu ukiwa umeshika mkononi!! Tafuta ubao bapa kabisa, chora mstari wa kati, ekseli zote mbili zibane kwenye ubao zikiwa pembe mraba na ule mstari ndo uanze kuunganisha. Waya wa springi milimita 1.5 hivi kwa zile reli za urefu, shaba ya njano bapa kwa mabano ya mota na ya ekseli. Piga msasa mpaka ing'ae, paka fluksi ya asidi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), na chuma cha kulehemu kiwe cha wati 60 kwenda juu, kile kidogo cha mafundi simu shaba inakinyonya joto lote lehemu inabaki vibonge vibonge juu haijashika. Ukimaliza osha na maji yenye baking soda, sugua na mswaki, asidi ikibaki waya unaoza kutu. Mota na beringi ziingie baada ya kuosha, sio kabla.

Fundi Shaba:
Hapo kwenye kuosha nakazia, watu wengi wanaruka.

kona_kali:
Kuhusu kupinduka kaka, tatizo sio chasisi peke yake, ni plastiki ya juu. Toa viti, dashibodi na vile vioo vinene vilivyokuja na seti, weka vioo vya plastiki nyembamba na dereva wa kuanzia kifuani tu. Kisha bandika vipande bapa vya madini ya risasi chini kabisa, kushoto na kulia katikati ya ekseli. Na bodi usiikaze, ishikwe na pini zenye uwazi kidogo icheze kama nusu milimita, ikicheza hivyo mtikisiko wa traki hauendi wote kwenye matairi.

mzee_wa_mfereji:
Asanteni sana aisee. Chini niache nafasi kiasi gani?

kona_kali:
Milimita 1.5 inatosha, pima matairi yakiwa yameshasawazishwa kwa msasa maana yanapungua. Ya mbele yaguse traki kidogo tu, uzito wa mbele ubebwe na kiulimi. Weka gari juu ya kioo uangalie kama linayumba kabla hujafunga bodi.