Mkate wa mashine: jana ulibonyea katikati, leo umekuwa mzito, na vipimo ni vilevile

Mgeni wa Hamira ameuliza:

Habari zenu nyote. Nina mashine ndogo ya kuokea mkate, ile ambayo mtu hutia viambato vyote ndani ya chombo kimoja, hubonyeza kitufe, kisha mashine yenyewe hukanda, huacha donge liumuke na kuoka kwa muda wa saa tatu hivi. Vipimo vyangu ni vikombe vitatu vya unga wa ngano mweupe, mililita 270 za maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya chai vya hamira, vijiko viwili vya mezani vya sukari, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ambacho mimi hukipunguza hadi nusu kwa kuwa nimeshauriwa kula chumvi kidogo.

Mkate wa kwanza ulipanda vizuri sana hadi ukakaribia kugusa kifuniko, lakini ulipoanza kuokwa ukabonyea katikati kama kiti kilichokaliwa. Wa pili, kwa vipimo hivyohivyo, ulitoka mfupi na mzito, na ganda lake lilikuwa gumu. Tofauti pekee ninayoikumbuka ni kwamba unga wa kwanza niliuchekecha na kuujaza kikombeni kwa kijiko, ilhali wa pili, ambao ni wa pakiti nyingine, niliuchota kwa kuzamisha kikombe moja kwa moja. Naomba kueleweshwa jinsi unga, hamira na viambato vingine vinavyofanya kazi, kwa maana sitaki kuendelea kubahatisha.

Kipimo Sawa amejibu:

Ndugu muulizaji, umekwisha kuitaja sababu kubwa bila kujua. Mtu anayekanda kwa mkono huhisi donge linapokuwa jepesi mno au kavu mno, naye huongeza unga au maji kabla mambo hayajaharibika. Mashine haina vidole. Inakwenda kwa saa tu, na dakika zikitimia huanza kuoka, donge liwe tayari au lisiwe. Kwa hiyo usahihi ambao zamani ulikuwa mikononi mwa mkandaji sasa lazima uwe katika vipimo, na kikombe ni kipimo kibaya sana cha unga, kwa kuwa unga hushindiliwa au hujaa hewa kutegemea namna ulivyochotwa. Tafuta mizani ya jikoni, upime kikombe chako kwa njia zote mbili, kisha ulinganishe.

Kinachopaswa kuangaliwa ni uwiano wa maji na unga. Kwa mkate mweupe wa kawaida wa mashine, maji yawe kati ya asilimia 60 na 65 ya uzito wa unga, yaani gramu 300 hadi 325 za maji kwa kila gramu 500 za unga. Yakipita sana hapo, donge hulegea, na kuta za vile vipovu vya hewa hushindwa kujishikilia joto linapoanza kupanda. Yakipungua, donge hukaza na hamira hukosa nguvu ya kulinyanyua.

Kuhusu aina ya unga, geuza pakiti usome kiwango cha protini kwa gramu 100. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikilowa na kukandwa huungana kuwa utando unaovutika, nao ndio unaozuia gesi ya hamira isitoroke. (Jina gluteni ni la utando wenyewe, mimi mwenyewe nililichanganya na glutenini kwa miaka.) Unga wa keki huwa na protini ya asilimia 7 hadi 9, unga wa matumizi yote asilimia 10 hadi 12, na unga wa mkate asilimia 12 hadi 14. Kadiri protini inavyozidi ndivyo unga unavyohitaji maji mengi zaidi, na ndiyo maana kubadilisha pakiti bila kubadilisha maji kunaweza kukuharibia mkate. Usitumie unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, kwa sababu umekusudiwa keki na vitu visivyokandwa.

Namba hiyo ya protini inaweza kukudanganya mahali pamoja: unga wa ngano isiyokobolewa. Pakiti itaonyesha asilimia 13 au hata zaidi, lakini sehemu ya protini hiyo imo katika kapi na kiini cha mbegu, wala haijengi utando wowote. Isitoshe, vipande vya kapi hukatakata utando uliopo na kunyonya maji polepole. Ukitaka kuutumia, anza kwa kubadilisha theluthi moja tu ya unga mweupe, ongeza maji kidogo, na uchague mpango wa mashine uliotengenezwa kwa ajili ya unga huo, kwa kuwa huwa na muda mrefu zaidi wa kulowa na kuumuka.

Donge Laini amejibu:

Nakubaliana na Kipimo Sawa kuhusu mizani, ila nisingependa muulizaji adhani kwamba bila unga wa mkate hawezi kufanikiwa. Nimeoka kwa unga wa asilimia 10 na 11 mara nyingi, na mkate wake huwa laini, pengine laini kuliko ule wa unga wenye nguvu. Sharti ni kupunguza maji kidogo na kutotumia mpango mrefu sana, kwa kuwa utando wake huchoka mapema.

Jambo ambalo halijaguswa ni hamira, na hapo naona kosa la pili. Vijiko viwili vya chai ni takriban gramu 6, na kwa chini ya gramu 400 za unga hicho ni kiasi kikubwa, hasa pale maji yanapokuwa ya uvuguvugu na chumvi imekatwa nusu. Chumvi haiko pale kwa ajili ya ladha peke yake. Huizuia hamira isikimbie, na hukaza utando wa gluteni. Waokaji wengi hutumia gramu 9 au 10 kwa gramu 500 za unga, yaani karibu asilimia 2. Kwa kuwa una sababu ya kiafya, unaweza kushuka, lakini ukishusha chumvi ushushe na hamira, na maji yawe ya kawaida badala ya uvuguvugu. Mkate wako wa kwanza uliumuka kupita kiasi kabla saa ya kuoka haijafika. Ule urefu uliokufurahisha ulikuwa tayari ni dalili ya ugonjwa.

Sasa, hamira unayotumia ni ipi? Zipo aina tatu unazoweza kukutana nazo. Ya kwanza ni hamira mbichi, laini kama jibini, ambayo sehemu yake kubwa ni maji na huharibika baada ya wiki chache hata ikiwa katika jokofu. Ya pili ni hamira kavu ya chembe kubwa, ambayo hulowekwa kwanza katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, kwa kuwa chembe zake zimezungukwa na seli zilizokufa wakati wa kukaushwa. Ya tatu ni hamira kavu ya chembe ndogo inayochanganywa moja kwa moja na unga, na hii ndiyo inayofaa zaidi mashine. Gramu 5 za aina hii ya tatu hufanya kazi ya gramu 6 hivi za ile ya chembe kubwa, au gramu 15 za hamira mbichi. Zote ni kiumbe kilekile, Saccharomyces cerevisiae, na zote hufa joto linapofika nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji ya moto yasiyovumilika kidoleni hayafai kamwe.

Sukari wengi huidhania kuwa ndiyo chakula cha lazima cha hamira. Sivyo. Vimeng'enya vilivyomo katika unga huvunja wanga na kutoa sukari ya kutosha, ndiyo maana mkate usio na sukari kabisa huumuka pia. Sukari unayoitia huongeza rangi ya ganda, utamu na unyevu, na ikizidi asilimia 10 hivi ya uzito wa unga huanza kuifyonza hamira maji na kuidhoofisha. Mafuta hulainisha mkate na kuuchelewesha kukauka. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Mgeni wa Hamira amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeazima mizani, na nimeshangaa. Kikombe nilichojaza kwa kijiko baada ya kuchekecha kilikuwa na gramu 121, na kile nilichochota kwa kuzamisha gramu 154. Kwa vikombe vitatu tofauti ni gramu 99, yaani mkate wa kwanza ulikuwa na maji ya asilimia 74 na wa pili asilimia 58, na mimi nikijiona nafuata kanuni moja. Pakiti ya kwanza, nilipoisoma, ilikuwa na protini ya asilimia 10, na ya pili 12.

Jana nilitumia gramu 420 za ule unga wa pili, mililita 265 za maji ya kawaida, gramu 4 za hamira ya chembe ndogo na gramu 6 za chumvi, huku sukari na mafuta yakibaki vilevile. Mkate umepanda ukiwa na kichwa cha mviringo, na haukubonyea. Upande mmoja tu wa chini ulikuwa na unga mkavu ulioganda. Je, kosa ni langu? Na je, naweza kutega saa usiku nikatumia maziwa badala ya maji?

Mtu wa Alfajiri amejibu:

Unga uliobaki pembeni ni jambo la kawaida. Fungua kifuniko dakika tano hadi kumi baada ya mashine kuanza kukanda, ukwangue kona kwa mwiko laini wa mpira, na hapohapo ulitazame donge: liwe mviringo mmoja unaonata kidogo ukiligusa lakini hauachi unga kidoleni. Likiwa limetapakaa chini, ongeza unga kijiko kimoja cha mezani kwa wakati. Likiwa linagongagonga na kuchanika, ongeza maji kijiko kimoja cha chai, usubiri dakika moja kabla ya kuongeza kingine. Kufungua kifuniko wakati wa kukanda hakudhuru chochote, ila usifungue mkate unapoumuka mara ya mwisho wala unapookwa.

Kuhusu kutega saa, maziwa mabichi na mayai hayafai kukaa katika chombo usiku kucha, kwani huharibika. Tumia maji, na utie maziwa ya unga pamoja na unga mkavu. Kijitabu cha mashine kitakueleza mpangilio: nyingi hutaka maji yatangulie na hamira iwe juu kabisa katika kishimo cha unga, chache hutaka hamira iwe chini. Vyovyote itakavyokuwa, hamira isiguse maji wala chumvi kabla mashine haijaanza kuzunguka, la sivyo itaamka saa sita za usiku na kumaliza nguvu yake kabla ya kazi kuanza. Mdalasini pia huidhoofisha hamira ukitiwa mwingi ndani ya donge, kwa hiyo mkate wa aina hiyo usiutegee saa mpaka umeujaribu mchana mara moja.